Usinichekee, Sista

Aliyenitangulia katika usimamizi wa ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Toronto, alikuwa mwanamume mwenye tabia ya kupiga meza. Alipiga meza dawa zikichelewa, alipiga meza mtu akiingia zamu dakika tano baada ya wakati, na mara moja alimfokea daktari kwenye simu mpaka wazee waliokuwa wakitazama televisheni wakageuza shingo. Siku alipoondoka tulimnunulia keki. Meneja alisema tunampoteza mtu mwenye msimamo, mtu anayejua anachotaka. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga kwa moyo wote, maana kusema kweli alikuwa muuguzi mzuri.

Mimi sikuwahi kupiga meza. Nililelewa Nakuru, katika nyumba ya watu wanaosema jambo mara moja na kwa maneno machache, na hivyo ndivyo ninavyosema mpaka leo. Mwezi wa pili wa usimamizi wangu nilimkuta mhudumu mmoja, msichana wa miaka ishirini na kitu, akimlisha mzee uji huku macho yake yako kwenye simu. Kijiko kilikuwa kinamgonga mzee kidevuni.

"Weka simu mfukoni," nilimwambia. "Huyu si ukuta."

Basi. Sikupaza sauti, na sikurudia.

Kesho yake niliitwa ofisini. Meneja wetu ni mwanamke wa rika langu, mpole, anayependa kuweka maua dirishani hata wakati wa theluji. Alinimiminia chai mwenyewe, akaanza kuzunguka.

"Hakuna anayesema ulikosea," alisema. "Ila watu wanakuogopa. Uso wako, unajua, uso wako unakuwa..."

"Uso wangu una nini?"

"Unaona? Hata sasa hivi."

Akaniambia kwamba ningeweza kusema maneno yale yale nikiwa natabasamu, na yangepokelewa vizuri zaidi. Nilitaka kumuuliza kama aliyenitangulia aliwahi kuambiwa atabasamu kabla ya kupiga meza. Sikumuuliza. Nina watoto wawili shuleni, nina wazazi wanaonitegemea, na nilikuwa nimeitafuta nafasi ile kwa miaka saba.

Basi nikajifunza. Nilijizoeza mbele ya kioo cha bafuni kwangu, huku ndege za uwanja wa Pearson zikipita juu ya maghorofa yetu ya mtaa wa Dixon kama kawaida. Nilianza kila barua pepe kwa tafadhali na kuimaliza kwa asante sana, katikati nikichomeka alama ya uso unaocheka. Mume wangu aliniuliza siku moja kama jino linaniuma.

Katika majira hayo ya kujifunza kutabasamu ndipo alipoletwa kwetu mhudumu mpya.

Alikuwa Mtanzania wa Mbeya, umri umepita hamsini kidogo, mrefu, viganja vipana kama sahani. Kwao alikuwa fundi wa breki za mabehewa ya treni kwa zaidi ya miaka ishirini. Mke wake alimtangulia huku kwa kazi ya maabara, na yeye alipomfuata akakuta kwamba vyeti vyake vya ufundi havina wa kuvisoma. Alipakia maboksi kwenye ghala, akazoa theluji, mwisho akajiandikisha kozi ya kuhudumia wazee. Aliniambia baadaye kwamba aliichagua kwa sababu mwalimu wake alimuuliza jina lake mara mbili, ili alitamke sawasawa. Darasani walianza wanaume wawili, na mwenzake aliacha wiki ya tatu.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu akiwa amevaa sare iliyombana mabegani, kwa sababu hatukuwa na saizi yake. Alisoma jina langu kifuani, akatabasamu, akaniamkia kwa Kiswahili.

"Habari za kazi, sista?"

Huko kwao muuguzi mwanamke ni sista, awe mtawa asiwe mtawa. Sikuwa nimeitwa hivyo na mtu yeyote katika nchi hii. Nikamjibu nzuri, kaka, karibu, na hatukuacha kuitana hivyo.

Wahudumu wengine wa ghorofa ile wote walikuwa wanawake, na walimgeuza winchi. Kukiwa na mzee mzito wa kuinuliwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, aliitwa. Akishamwinua, aliambiwa asante, na mwanamke akaendelea na kazi yenyewe: kulisha, kuvisha, kusafisha meno. Nje ya hapo walimcheka. Mmoja alimuuliza kama alikuwa anatafutwa na polisi kwao, kwamba pengine ndiyo maana amejificha kwenye kazi kama hii. Walikuwa wanawake wale wale waliolalamika kila siku chumba cha mapumziko kwamba waume zao hawashiki hata sufuria.

Nami nilicheka. Lazima niliseme hilo. Nilifika nyumbani nikamsimulia mume wangu mezani.

"Mwanamume mzima?" aliuliza. "Fundi wa treni, anawavalisha bibi soksi?"

"Kwa magoti," nikasema, na tukacheka mpaka mwanangu mdogo akauliza kwa Kiingereza tunacheka nini. Sikupata jinsi ya kumweleza.

Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ile alikaa bibi mmoja wa Kigoa, wale wenye asili ya Goa kule India, aliyekuwa akikaribia miaka tisini. Alizaliwa Nairobi, akaolewa Nairobi, akafanya kazi ya ukarani huko, kisha akaja Kanada na mume na mtoto wao mmoja wakati jamaa zao wengi walipokuwa wakihama. Mume alikuwa amekufa zamani. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemvua lugha moja baada ya nyingine. Kiingereza, ambacho binti yake alisema alikizungumza kuliko Waingereza, kilikwisha kabisa. Kilibaki Kikonkani cha sala, lugha ya asili yao, na Kiswahili.

Lakini kilikuwa Kiswahili gani! Kilikuwa kile cha jikoni, ambacho wenye nyumba walikitumia zamani kwa watumishi wao, kisichojua ngeli wala tafadhali. "Wewe nakuja hapa." "Mimi hapana taka." "Lete maji moto, pesi pesi." Kabla ya kaka yule kuja, ghorofa nzima nilikuwa peke yangu niliyemwelewa, na sikupenda jinsi maneno yale yalivyoniingia masikioni. Bibi yangu mzaa mama aliamrishwa kwa lugha ile kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo nilikuwa namjibu kwa Kiingereza, makusudi, nikijua haelewi. Nilimpa dawa zake kwa wakati, nilimfunika vizuri, nilifanya yote yanayoandikwa. Ila sikumjibu kwa lugha aliyoielewa.

Asubuhi moja wahudumu walikuwa pungufu, na fundi wetu akatumwa kumpelekea uji. Bibi alikuwa anapungua uzito, alikuwa anageuza uso kila kijiko kikimkaribia. Nilikuwa mlangoni na kigari cha dawa.

"Wewe iko mpishi?" bibi alimuuliza.

Akasita kidogo, kibakuli mkononi. "Leo ndiyo, mama," akasema.

"Uji iko na sukari?"

"Iko."

"Mingi?"

"Mingi, mama."

Bibi alimaliza kibakuli. Akaomba chai, akainywa, akamlaumu mpishi kwamba maziwa ni kidogo, akalala usingizi mzuri. Tangu siku hiyo alikubali kulishwa na mkono wa mtu yule mmoja tu.

Baadaye nilimuuliza kaka kama haimuumi kuitwa mpishi, yeye aliyeongoza karakana.

"Sista," aliniambia, "mimi najua mimi ni nani. Yule mama hajui mimi ni nani, wala hajui yeye ni nani. Tukikaa kubishana, uji utapoa."

Kuoga, bibi aliogeshwa na wanawake, kama ilivyoandikwa kwenye faili lake, na hilo hakuna aliyeligusa. Kaka yule alimlisha, alimvisha soksi, alimsukuma hadi dirishani kutazama magari. Siku moja bibi alimkabidhi chanuo, akamgeuzia kisogo. Akamchana. Ana mabinti watatu, na nywele hizo chache za uzeeni aliziendea taratibu, akianzia kwenye ncha. Alizifunga kwa utepe uliobaki kwenye boksi la keki ya mtu. Nikiri kwamba nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Binti wa bibi alikuwa na miaka sitini na kitu, karani mstaafu kama mama yake, mwenye goti bovu. Kwa kawaida alikuja Jumapili, akitoka kanisani, lakini wiki ile alikuja Jumatano. Alimkuta mwanamume mkubwa amepiga magoti mbele ya mama yake, mguu wa mama uko mapajani mwake, soksi moja imeingia na ya pili bado, na mama ameshika bega lake anacheka.  Binti alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Yule ni nani?"

Nikamweleza ni mhudumu, ana cheti, anamlisha mama vizuri, uzito umepanda.

"Sisemi amefanya kitu," alisema. "Lakini niambie wewe, kama mwanamke. Mwanamume anayeifanya kazi hii, tena kwa kuipenda vile, ana nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Nimewahi kumwona akimkatia mama yake kucha huku akilia bila sauti. Alikuwa amemleta mama yake mahali ambapo hajui nani anamshika, na hofu yake ilitafuta mtu wa kumwangukia. Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwambia, hana kitu, ana mikono na subira. Lakini nilikuwa kwenye mafunzo yangu ya upole. Nikatabasamu, nikamwambia, "Nakuelewa."

Alienda kwa meneja. Meneja akaniita, akanimiminia chai.

"Hana kosa," alisema, "lakini familia haina raha. Mhamishe ghorofa ya kwanza, kwenye kufulia na kupakua chakula. Ila umwambie kwa upole."

"Sawa kabisa," nikasema, na uso wangu ukafanya ulichofundishwa.

"Unaona?" alisema meneja, akifurahi kwa dhati. "Umebadilika sana."

Nami nilifurahi. Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi kama mtoto aliyesifiwa mwandiko.

Nilimkuta kwenye ujia, anakunja mashuka.

"Kaka, kuanzia kesho utakuwa chini, kwenye kufulia."

"Nimekosa nini, sista?"

"Hujakosa kitu."

"Basi kwa nini nahama?"

"Ni mabadiliko ya kawaida tu," nilisema, huku natabasamu. "Na kule chini kazi ni nyepesi, utapumzika mgongo."

Aliweka shuka juu ya mengine, akalinyoosha kingo. Kisha akaniangalia, bila hasira, kama mtu anayeangalia bolti iliyolegea.

"Usinichekee, sista. Niambie."

Sikumwambia. Nilisema nina simu ya kupokea. Nikaenda chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikasimama pale natazama chupa.

Siku ya kwanza bibi hakula asubuhi, tukasema atakula mchana. Siku ya pili alikula vijiko vitatu. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe na uji, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikamsemesha Kiswahili.

"Mama, kula kidogo."

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba kabati limesema. "Mpishi iko wapi?"

"Yuko chini."

"Wewe nafukuza yeye?"

Nikasema hapana. Akaupiga kijiko kwa mkono, uji ukaniruka kifuani. "Mwongo," alisema. Neno hilo alilisema sawasawa kabisa, bila kosa la ngeli.

Utaratibu ni kwamba jambo la familia lipitie kwa meneja. Meneja hakuwepo mpaka Jumatatu. Nilikaa kwenye meza yangu, nikajifuta uji, nikampigia binti wa bibi simu mwenyewe. Sikujizoeza kwanza.

"Mama yako hali chakula," nilimwambia. "Anakula kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo tulimhamisha kwa sababu yako na kwa sababu yangu. Wewe ulilalamika, mimi nikanyamaza. Njoo leo, umtazame akimlisha. Ukikaa chumbani tangu mwanzo hadi mwisho na bado ukasema hapana, sitakusumbua tena."



"Unaongea na mimi hivyo?" aliuliza.

"Ndiyo. Njoo."

Alifika mchana ule ule, koti lina theluji mabegani. Nilishuka kufulia, nikamkuta kaka yule katikati ya mvuke wa mashine, nikamwambia yote: nani alisema nini, na mimi sikusema nini. Nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine.

"Bibi amekula?" aliuliza.

"Hajala."

"Twende, basi."

Binti alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini. Bibi alipomwona mwanamume yule akiingia na kibakuli alimgombeza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote: kwamba amekawia sokoni, kwamba moto umezimika, kwamba watoto watachelewa shule. Naye alijibu ndiyo mama, samahani mama, foleni ilikuwa kubwa. Bibi alikula kibakuli na nusu. Kisha akatafuta chanuo chini ya mto, akamgeuzia kisogo.

Hapo binti akaanza kulia. Nilidhani ni kwa ajili ya mama yake.

"Alikuwa ananisuka," alisema. Alisema kwa Kiingereza, halafu akalitafuta neno, akalisema kwa Kiswahili. "Mpishi wetu. Pale Pangani, Nairobi. Mama alikuwa anawahi ofisini, yeye ndiye alikuwa ananichana na kunisuka mikia miwili kabla ya shule. Kila siku. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Chanuo liliendelea kwenda.

"Siku tulipoondoka sikumuaga," alisema. "Alisimama uani na sanduku la baba kichwani, na mimi nilikuwa na hasira kwa sababu ya paka wangu. Sikumuaga."

Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Mwanamume yule wa Pangani alipika, akafua, akasuka nywele za mtoto wa kike, na katika nyumba ile hakuna aliyeuliza ana nini. Hawakuuliza kwa sababu hawakumhesabu kuwa mwanamume, alikuwa mpishi tu. Na sisi tuliouliza miaka hii yote baadaye, tulidhani tunauliza jambo la maana. Sikulisema hilo chumbani. Binti yule alikuwa amekwisha kuvunjika mahali pa kutosha.

Kaka yule ndiye aliyesema. Alisema polepole, kwa Kiingereza chake cha kupimapima. "Mimi si yeye, dada. Lakini mama akiniita yeye na akala, ni sawa kwangu."

Binti aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Samahani," alisema kwa Kiswahili. "Samahani sana."

Kaka alirudi ghorofa ya tatu Jumatatu iliyofuata. Mimi niliitwa ofisini. Safari hii hapakuwa na chai. Nilikuwa nimeipigia simu familia bila ruhusa, na kwa lugha ambayo meneja aliiita kali. Alinipa barua ya onyo iingie kwenye faili langu. Nilimuuliza kama mlalamikaji ni binti wa bibi. Akasema hapana, binti wa bibi ameandika kushukuru.

"Kwa hiyo nani amelalamika?"

"Suala si nani," alisema. "Suala ni namna."

Nilimwambia, bila kupaza sauti, kwamba namna ile ile ilimpa aliyenitangulia keki. Nadhani alielewa, kwa sababu aliangalia maua yake kwa muda. Lakini barua iliingia.

Bibi aliishi miezi mingine mitano. Alikufa asubuhi moja baada ya kunywa chai, kichwa kimeegemea mto, nywele zimefungwa. Wahudumu wawili wanawake waliomzoea walilia, wakapelekwa chumba cha mapumziko, wakapewa maji na dakika kumi. Kaka yule alimaliza kunyoosha shuka, akafungua dirisha kidogo, akatoka, akakaa kwenye stuli ya ujiani akalia kwa sauti. Alilia kama wanavyolia watu kwetu, mabega yanapanda na kushuka. Mtu mmoja alimpita kwa mbali, kama anayepita shimo la barabarani.

Kabla ya saa sita meneja alinitumia fomu. Kuna aliyeripoti kwamba mhudumu mwanamume ameshindwa kujizuia mbele ya wakazi, na natakiwa kueleza kama ana uwezo wa kuendelea na kazi. Niliuliza fomu za wale wanawake wawili ziko wapi. Hazikuwepo. Nikaandika kwenye ya kwake mistari mitatu: kwamba watatu walimlilia mkazi waliyemhudumia, kwamba wote watatu walirudi kazini ndani ya robo saa, na kwamba mimi pia nililia, ila nilijifungia chumba cha dawa. Nikatia sahihi. Fomu ile haikurudi tena.

Mchana nilimpelekea chai.

"Kule karakana," aliniambia, "mwenzetu mmoja aliwahi kubanwa na behewa, akafa mbele yetu. Hatukulia. Kiongozi alisema turudi kazini, na kiongozi nilikuwa mimi." Alishika kikombe kwa viganja vyote viwili. "Leo sijamlilia mama peke yake, sista."

Binti wa bibi alimwomba awe mmoja wa wabeba jeneza. Waliobaki walikuwa wajukuu, wanaume vijana waliovaa suti nyeusi, na yeye alivaa koti lake la harusi lililokuwa limefupika mikono. Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda naye. Baada ya misa tulikaa ukumbini, kuna sambusa na keki ya nazi, na wazee wa Kigoa waliostaafu wakamzunguka walipogundua anatoka Tanzania. Kiswahili chao kilikuwa na kutu lakini walikifurahia, wakigombania kuuliza habari za Dodoma na Tabora, walikofanya kazi zamani. Mzee mmoja mwenye fimbo akamuuliza, mbele ya wote, kazi yake hapa ni gani.

Niliona kaka anavyovuta pumzi. Nilijua jibu analowapa watu, maana nilishamsikia: kwamba yuko kwenye mambo ya afya.

"Nawalisha wazee," alisema. "Nawavisha, nawachana nywele. Huyu mama nilikuwa namlisha mimi."

Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Na mabwana pia unawahudumia, au mabibi tu?"

"Wote."

"Mke wangu alifariki mwaka jana," mzee alisema. "Wanangu wamenitafutia mahali. Mimi nimekataa, nikidhani nitaogeshwa na wasichana." Akakohoa, akashusha sauti. "Huko kwenu kuna nafasi?"

Kaka akaniangalia mimi, kwamba msimamizi ni huyu. Nikamwandikia mzee namba ya ofisi ya usajili kwenye karatasi ya kupangusia mikono.

Tulirudi kwa basi, tumesimama, makoti yetu yananuka ubani. Baada ya vituo kadhaa kaka akasema mabinti zake hawajawahi kuelewa sawasawa anafanya kazi gani, na kwamba leo wakitoka shule atawaeleza, na wakicheka wacheke. Nikamwambia kwamba nami nilimcheka, mwanzoni, mezani kwangu.

"Najua," alisema. "Kicheko kinaonekana hata kikiwa kimekwisha."

Aliteremka kwenye makutano ya Jane na Finch, akavuka barabara kwenye taa, mwanamume mrefu mwenye koti fupi mikono, na basi likaendelea.